Kuhamia Belize Ukitokea Tanga: Njia, Makaratasi na Mwaka wa Kwanza

Mtu wa Tanga akiingia Belize hatashangaa sana kwa macho. Minazi ipo, mikoko ipo, muhogo upo, na chakula cha kila siku ni wali uliopikwa kwa tui pamoja na maharage mekundu. Hata mkonge una undugu na huko: miche aliyoileta Richard Hindorf Tanganyika mwaka 1893 ilitoka Florida, lakini asili ya mmea wenyewe ni Yucatán, rasi ambayo Belize imeegemea ubavuni mwake. Mfanano huo ndio unaowaponza wengi. Hawashindwi na joto wala chakula. Wanashindwa njiani, au kwenye dirisha la uhamiaji, huku nyumba ya Ngamiani imeshauzwa. Kwa hiyo tunaanza na njia na makaratasi, na hapo tutakaa zaidi kuliko penginepo.

Nchi yenyewe ni ndogo. Ina kilomita za mraba 22,966, yaani haifikii ukubwa wa Mkoa wa Tanga, na watu wake ni takriban 400,000 tu. Ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 21 Septemba 1981, imo katika Jumuiya ya Madola, na lugha yake rasmi ni Kiingereza. Majirani zake wote wanatumia Kihispania. Mji mkuu ni Belmopan. Mji mkubwa ni Belize City, ulioko pwani.

Njia kwanza, tiketi baadaye

Uzuri wa Belize kwa Mtanzania ni kwamba raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, sisi tukiwemo, huingia bila kuomba viza mapema na kugongewa muhuri wa siku 30. Meksiko, Guatemala, Costa Rica na Panama zote zinadai viza. Hata hivyo, mfanyakazi wa kaunta ya ndege Dar es Salaam huenda hajawahi kumwona abiria wa Belize, naye ana mamlaka ya kukuzuia usipande. Orodha za viza nazo hubadilika. Mwezi mmoja kabla ya kununua tiketi, iandikie barua pepe Idara ya Uhamiaji ya Belize, uliza kuhusu pasipoti ya Tanzania, kisha chapisha jibu na ulitie kwenye bahasha ya safari. Belize haina ubalozi Tanzania na Tanzania haina ubalozi Belize, kwa hiyo usitegemee kwamba utakwama halafu upige simu mahali mambo yanyooke.

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Nyingi zinazotua uwanja wa Philip Goldson, uliopo Ladyville karibu na Belize City, zinatoka miji ya Marekani. Hapo ndipo fedha za watu hupotelea: Marekani haina utaratibu wa abiria kubaki ndani ya uwanja akisubiri ndege nyingine bila viza. Hata ukikaa Miami saa mbili tu, lazima uwe na viza ya kupita, daraja la C-1, inayoombwa kwa usaili kama viza nyingine. Tiketi ya bei nafuu ya kupitia Houston haikufai kitu kama huna viza hiyo. Kupitia Cancún ukavuka kwa basi hadi Corozal nako kunataka viza ya Meksiko.

Njia inayozungumzika zaidi ni ya Panama. Kuna ndege za Istanbul na Amsterdam zinazofika Panama City, na kutoka hapo shirika la Copa linakwenda Belize. Mambo mawili yaangalie sana. La kwanza, safari yote iwe kwenye tiketi moja, mizigo iandikwe hadi Belize. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa dola mia, utatakiwa utoke nje ukachukue begi lako, na kutoka nje maana yake ni kuingia Panama bila viza. La pili, uliza shirika la ndege kwa maandishi kama pasipoti ya Tanzania inaruhusiwa kusubiri kwenye kila uwanja wa njiani, na kwa saa ngapi. El Salvador tuiepuke: tangu Oktoba 2023 inawatoza wasafiri wa nchi nyingi za Afrika dola 1,130 za Marekani hata kwa kubadilisha ndege tu.

Afisa wa uhamiaji Belize ataomba tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele, anwani ya utakapofikia, na uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu. Nunua tiketi ya kurudi inayoruhusu kubadili tarehe, si ya kughushi. Weka nafasi ya malazi ya wiki mbili za mwanzo kwa jina lako kamili. Na ukikutana na dalali anayesema kazi ipo tayari, makaratasi utayakuta huko, au kwamba Belize ni kituo tu cha kuelekea Marekani, mkimbie. Watu hukwama njiani bila pasipoti wala nauli, na ndugu huku Tanga wanauza shamba ili kuwatoa.

Makaratasi ya kukamilisha ukiwa bado Tanga

Jambo linalosumbua kuliko yote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, kitambulisho cha NIDA kinasema Said, cheti cha shule kina jina la babu na pasipoti haina. Hapa nyumbani watu wanakuelewa. Karani wa Belmopan ataona watu watatu tofauti. Panga karatasi zako zote mezani, soma herufi kwa herufi, kisha sahihisha RITA na NIDA mapema au umwone wakili akuandalie hati ya kiapo cha majina. Hili linaweza kula miezi, kwa hiyo lianze kabla ya pasipoti.

Baada ya hapo tafuta cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho huchukuliwa kwa alama za vidole. Kichukue mwishoni, kwa sababu cheti cha zamani hukataliwa. Cheti cha ndoa cha Kiswahili, ikiwemo ndoa iliyofungwa msikitini, kitafsiriwe rasmi kwa Kiingereza. BAKITA hufanya kazi hiyo na kuigonga muhuri. Kisha nakala zithibitishwe na wakili, na hati za asili zipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje kwa uthibitisho. Fanya seti tatu: moja begi la mkononi, moja kwa ndugu unayemwamini Tanga, moja kwenye barua pepe yako. Benki yako nayo ikupe barua ya utambulisho kwa Kiingereza na taarifa ya akaunti ya miezi 6. Utaziulizwa utakapofungua akaunti kule.

Chanjo ya homa ya manjano ipatikane angalau siku 10 kabla ya safari, nawe ukabidhiwe kadi ya njano. Ukishachanja mara moja, kadi hiyo inatambulika kwa maisha yako yote. Usiibebe kwenye mzigo mkubwa.

Kuhusu malaria kuna jambo ambalo wageni wa kutoka Ulaya hawalihitaji, sisi tunalihitaji sana. Belize ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2023. Maana yake ni kwamba ukipata homa wiki ya pili baada ya kufika, daktari atafikiria dengi kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyopo huko. Malaria ya Tanga inaweza kuwa imo mwilini tangu kabla hujaondoka. Mwambie daktari neno la kwanza kabisa: nimetoka eneo la malaria, naomba nipimwe damu. Kwa miezi 3 ya mwanzo homa yoyote ichukulie hivyo, hasa kwa mtoto na mjamzito.

Siku 30, kisha nini

Muhuri wa kwanza ni wa siku 30, si wa mwezi. Ukiingia tarehe 5 Machi, hesabu siku kwa vidole na nenda ofisi ya uhamiaji siku mbili tatu kabla hazijaisha. Kila nyongeza inalipiwa kwa kila mtu, kwa hiyo baba, mama na watoto wawili ni malipo 4 kila mwezi. Watu wa mataifa mengine huvuka Chetumal nchini Meksiko na kurudi na muhuri mpya. Sisi, bila viza ya Meksiko au Guatemala, mlango huo umefungwa. Panga bajeti ya ada za mwaka mzima kabla hujaondoka Tanga, uzitenge peke yake, usiziguse.

Ukitimiza mwaka mmoja mfululizo ndani ya nchi, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Sharti lenyewe ndilo linalowaangusha watu: katika mwaka huo usiwe umetoka nje kwa zaidi ya siku 14. Safari ya kuja kuzika Tanga, ukihesabu siku za njiani, inaweza kukurudisha mwanzo wa hesabu. Pasipoti itakaguliwa ukurasa kwa ukurasa, na siku hata chache za kukaa bila muhuri halali zitaleta maswali mengi. Utatakiwa pia cheti cha afya chenye vipimo vya damu, cheti cha polisi na picha.

Kufanya kazi ni ruhusa nyingine kabisa. Muhuri wa mgeni hauihusu. Mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba alitangaza nafasi na hakumpata Mbelize wa kuijaza, ndipo kibali cha ajira ya muda kipite Idara ya Kazi na Uhamiaji. Kwa hiyo kazi za kawaida za dukani au hotelini ni vigumu kupewa kibali. Wenye nafasi nzuri ni mafundi wenye vyeti, walimu wa masomo yenye upungufu, wapishi wazoefu, au mwenye mtaji anayeomba kibali cha kujiajiri. Jua pia malipo yalivyo: kima cha chini kilipandishwa mwaka 2023 hadi dola 5 za Belize kwa saa. Wiki ya saa 45 inakupa dola 225 za Belize, yaani 112.50 za Marekani. Ukizigeuza kuwa shilingi zinaonekana nyingi. Ukizinunulia chakula Belize City, ambako bidhaa nyingi zinatoka nje na zinatozwa kodi ya mauzo ya asilimia 12.5, hazifiki mbali. Upo pia mpango wa wastaafu, unaomtaka mtu athibitishe kipato cha dola 2,000 za Marekani kwa mwezi kutoka nje ya nchi, na haumpi haki ya kuajiriwa.

Uraia unaweza kuombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi wa kudumu. Fikiri mara mbili. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na ukichukua wa Belize unapoteza wa kwako, pamoja na haki ya kumiliki ardhi Tanga kama raia. Ukaazi wa kudumu unakutosha kuishi na kufanya kazi.

Fedha, umeme na nyumba

Dola ya Belize imefungwa kwenye ya Marekani: 2 kwa 1, na haijabadilika tangu 1978. Zote mbili hupokelewa dukani. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya nyumba, teksi au boti, uliza ni dola ipi. "Mia tano kwa mwezi" inaweza kuwa 250 za Marekani au 500, na mwenye nyumba hana kosa ukisaini bila kuuliza. Shilingi yetu haibadilishwi huko. Beba noti za Marekani mpya, zisizochanika wala kuandikwa. Usizoee kufikiria kila kitu kitalipwa kwa simu kama hapa. Laini yako ya Tanzania iache hai, mtu aitie salio mara kwa mara, maana namba za siri za benki zitakuja kwenye laini hiyo.

Umeme ni volti 110, hezi 60, na plagi ya pini bapa za Kimarekani. Kwetu ni volti 230 na hezi 50. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi kwa adapta ya bei ndogo. Pasi, birika la umeme, jiko na kikaangio viache Tanga. Kifaa cha kupasha moto cha volti 230 kikiwekwa kwenye 110 hubakiwa na karibu robo ya nguvu yake: birika la wati 2,000 linakuwa la wati 460 hivi, na chai utaisubiri. Blenda na feni zenyewe huzunguka kivivu, mota zikapata moto. Na kifaa cha kule ukikirudisha Tanga bila transfoma, kinaungua siku hiyohiyo.

Vipimo navyo ni vingine: mafuta ya gari kwa galoni ya Marekani (lita 3.785), nyama kwa ratili, umbali kwa maili, mtungi wa gesi ya kupikia kwa ratili 100. Magari yanapita kulia. Mtembea kwa miguu yuko hatarini kuliko dereva wiki ya kwanza, kwa sababu shingo yake imezoea kutazama kulia kwanza. Leseni ya nyumbani inafaa kwa muda wa mwanzo tu, uliza kituo cha leseni mapema. Mabasi ni yale yaliyokuwa ya shule Marekani. Unalipia kwa kondakta, unashukia popote kwenye barabara kuu.

Panga nyumba kwanza, usinunue. Kaa miezi 6, nusu yake iwe ya mvua. Kaskazini, Corozal na Orange Walk, hupata mvua zinazokaribiana na za Tanga. Kusini, Punta Gorda, hunyesha mara tatu yake. Kiwanja kilichokauka Aprili kinaweza kuwa bwawa Oktoba. Belize inamruhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja, na ndiyo maana madalali ni wengi. Tafuta wakili ambaye si wa muuzaji, atazame rejista ya ardhi Belmopan kabla hujatoa hata shilingi. Ushuru wa stempu kwa asiye raia ni asilimia 8: kiwanja cha dola 60,000 za Belize kinakuongezea 4,800. Mikoko usiikate bila kibali, hata kama iko ndani ya mipaka yako.

Kuhusu mitaa: upande wa kusini wa Belize City una magenge, na serikali imewahi kutangaza hali ya hatari huko zaidi ya mara moja. Familia nyingi za wageni huchagua Belmopan, San Ignacio, Corozal, au vijiji vya pwani kama Hopkins. Hopkins na Dangriga ni kwa Wagarifuna, watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, na huko mpishi wa Tanga atajisikia yuko jikoni kwake: samaki wa tui, ndizi za kutwanga, mkate wa muhogo.

Chungu na kibla

Wali na maharage hupikwa kwa tui, lakini mara nyingi hutiwa mkia wa nguruwe wa chumvi ili kuongeza ladha, na hauonekani ukishachanganywa. Chapati za ngano na maandazi ya asubuhi yanayoitwa "fry jacks" wakati mwingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Muislamu aulize vyote viwili, "pigtail" na "lard", kabla ya kuagiza; hakuna anayeudhika. Msikiti upo Belize City. Kibla pale si kaskazini kama tulivyozoea Tanga, wala si mashariki kama ramani ya ukutani inavyodanganya: ni kaskazini mashariki, digrii 55 hivi kutoka kaskazini.

Ugali unawezekana, ila soma mfuko. Unga wa "masa" ni wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kwa ajili ya chapati za mahindi. Ukiusonga utapata kitu kinachonata chenye harufu nyingine. Tafuta mahindi meupe makavu na mashine ya kusaga. Mboga ya chaya ifanye kama kisamvu: ina sumu ikiwa mbichi, ichemshe dakika 20 na usiipikie kwenye sufuria ya alumini. Mbegu na miche usibebe kabisa, hata vikonyo vya machungwa ya Muheza. Ugonjwa wa ukijani umeumiza sana michungwa ya Belize, na forodha watavichukua.

Kimbunga

Msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitufikia kikiwa kimechoka. Karibi hali ni nyingine. Hattie, cha mwishoni mwa Oktoba 1961, kiliivunja Belize City hadi serikali ikaamua kujenga mji mkuu mpya bara. Ukikodi nyumba, uliza mambo matatu: imeinuliwa juu ya nguzo kiasi gani, paa limefungwa kwa vyuma au misumari tu, na makazi ya dharura ya karibu yako wapi. Ifikapo Juni uwe na maji lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku 3 angalau, vyakula vya makopo, tochi, dawa, na zile hati zako kwenye mfuko usiopitisha maji. Fuata matangazo ya NEMO, idara ya maafa. Ukiwa kisiwani San Pedro au Caye Caulker, ondoka boti za kwanza zinapoanza kubeba watu, kwani bahari ikichafuka zinasimama zote.

Watoto na saa

Shule huanza Septemba, si Januari. Mtoto akihama Januari anaingia katikati ya mwaka. Msingi ni miaka 8, na miwili ya mwanzo haiitwi "Standard", kwa hiyo "Standard 1" ya kule ni mwaka wa tatu wa shule. Usikubali mtoto wa darasa la kwanza apelekwe humo kwa sababu jina linafanana. Aliyesoma kwa Kiswahili mpe miezi 6 ya Kiingereza kabla ya safari. Kriol, lugha ya mitaani ya Belize, atajifunza mwenyewe uwanjani. Mfundishe kusalimia kila aingiapo dukani au kwenye basi, kwa sauti, "good morning", kama anavyopiga hodi kwao. Asiyesalimu huonekana hana adabu huko pia.

Tofauti ya saa ni 9, mwaka mzima. Saa moja asubuhi Belize ni saa kumi jioni Tanga, na saa sita mchana kule wazee hapa wameshalala.